Waabaayo: Neno Letu Liko Ndani ya Chupa ya Maabara

Kama una ndugu Nairobi, muulize mafuta yake ya nazi yanakaaje mwezi wa saba. Yameganda. Anachimba na kijiko kama anatafuta maji kwenye laga. Sasa yalete hapa Kotile, mwezi wowote unaotaka, na utakuta ni maji tu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 hivi, na huku kwetu nyuzi 24 ni kitu cha usiku wa manane, ukibahatika. Kuna metali inaitwa galiamu, yenyewe huyeyuka kwa 29.8. Nairobi ingekaa mezani kama kijiwe kizuri cha fedha. Kotile saa nne asubuhi ishamwagika sakafuni.

Nimeanza na hiyo kwa sababu nataka tuongee juu ya kiwango cha kuyeyuka, na najua wengi wenu mkisikia hilo jina mnakumbuka kidato cha kwanza na mnataka kulala. Subirini kidogo. Hii stori inafika kwa mishale ya sumu, inafika kwa moyo wa binadamu, na katikati yake kuna neno la Kisomali ambalo kila mwanakemia duniani analijua na hajui ni letu.

Lile jambo la msingi ni rahisi. Kitu kisafi, yaani kitu cha aina moja tu, chembe zake zimejipanga kwa mstari kama watu kwenye swala. Ukikipasha moto hakiyeyuki pole pole. Kinangoja, kinangoja, halafu kikifika kwenye namba yake kinaachia chote pamoja. Kitu kilichochanganyika kina mapengo kwenye safu, kwa hiyo kinaanza kulegea mapema na kinamaliza kwa kuvutavuta, nyuzi tano, nyuzi kumi. Ndiyo maana hiyo namba inafanya kazi mbili kwa mpigo: inakuambia hiki ni kitu gani, na inakuambia ni kisafi kiasi gani. Ni kama kitambulisho ambacho pia kinaonyesha kama umeoga.

Mtu aliyeichukulia hiyo namba kwa uzito wa kweli ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Kazi yake ilikuwa mafuta ya wanyama. Kondoo, ng'ombe, nguruwe. Wakati huo mafuta yalikuwa mafuta tu, hakuna aliyejua ndani yake kuna nini. Chevreul akayapika na magadi, akayatenganisha, akayasafisha tena na tena, na kila mara anapima yanayeyuka wapi. Kama namba bado inapanda, bado kuna uchafu. Namba ikikataa kupanda tena, umefika. Mwaka 1823 akatoa kitabu kizima juu ya mafuta ya wanyama. Miaka miwili baadaye yeye na Gay-Lussac wakachukua hataza ya kutengeneza mishumaa ya asidi ya steariki, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 69, tofauti na ile mishumaa ya mafuta ghafi iliyokuwa inanuka na kulegea kama ulimi wa mbwa.

Mimi nikisoma habari za Chevreul nafikiria subag, samli yetu. Mama yeyote wa hapa anajua samli iliyopikwa vizuri na ile iliyobaki na maji ndani, na anajua kwa kuangalia tu inavyokaa kwenye chombo. Jicho lake halina namba, lakini linauliza swali lile lile.

Na Chevreul mwenyewe namba ilimchezea. Alitangaza amepata asidi mpya, akaiita margariki, na kwa miaka watu waliiamini. Kumbe ni asidi mbili zimeshikana, ya steariki na ya palmitiki, kwa kipimo ambacho kinafanya mchanganyiko uyeyuke vizuri karibu kama kitu kimoja. Aliyefichua hiyo ni Mjerumani Wilhelm Heintz, miaka ya 1850. Alichofanya kilikuwa kazi ya punda: akachanganya hizo asidi mbili kwa vipimo tofauti, akapima kila mchanganyiko unayeyuka wapi, akaandika jedwali. Jedwali likaonyesha ile asidi ya Chevreul haikuwa asidi moja. Huyo ndiye mtu ninayempenda kwenye stori nzima, Heintz, ambaye hata barabara sidhani kama amepewa.

Kutoka hapo wanakemia walipata mtego mtamu. Ukiwa na unga mweupe usioujua, na unashuku ni fulani, unatafuta huo fulani ulio safi, unachanganya nusu kwa nusu, unapima. Kama ni kitu kimoja, namba haishuki. Kama ni vitu viwili tofauti, hata kama kila kimoja peke yake kilikuwa kinayeyuka kwa namba ile ile, mchanganyiko utaanguka chini. Kabla mashine za kisasa hazijakuja, hivyo ndivyo walivyokuwa wanathibitisha. Kifaa chenyewe ni cha bei ya chini sana: kijibomba cha kioo chembamba kama sindano kilichozibwa upande mmoja, punje kidogo za unga ndani, umekifunga kando ya themometa, umezamisha kwenye mafuta, moto chini, macho hapo hapo. Mwaka 1907 Johannes Thiele akaongeza bomba lenye mkono wa pembeni, ili mafuta yajizungushe yenyewe na joto liwe sawa. Bomba hilo bado linauzwa leo.

Haya, sasa mishale.

Mwaka 1888, Paris, kwenye Jumba la Taifa la Historia Asilia, alikuwepo mkemia anaitwa Albert Arnaud. Ni jumba lile lile ambalo Chevreul alifundisha kwa miongo mingi, na mzee mwenyewe bado alikuwa hai, ana miaka 102. Arnaud alikuwa na mbao za mti kutoka nchi ya Wasomali, mti ambao wenyeji walikuwa wanautoa sumu ya mishale. Akazichemsha, akasafisha, akapata fuwele nyeupe. Akaandika makala kwenye jarida la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na kwenye kichwa cha makala akauita ule mti kwa jina alilolipata kwa Wasomali: ouabaïo.

Soma hilo neno kwa sauti, lakini kwa Kifaransa. Wafaransa wakitaka sauti ya "w" wanaandika "ou". Waabaayo. Warya, hilo ni neno letu. Ayeeyo wangu nilimuuliza waabaayo ni nini bila kumwambia kwa nini nauliza. Hakunijibu. Akaniuliza: "Unataka kumuua nani?"

Basi zile fuwele zikaitwa ouabain, na mpaka leo ndilo jina lake kwenye vitabu vya kemia, vya famasia, vya fiziolojia, dunia nzima. Kwa Kiswahili mimi nitaandika wabaini, na ukiangalia vizuri, Kiswahili kinalirudisha neno karibu na nyumbani kuliko Kifaransa.

Kitu kilichofuata ndicho kinanifurahisha zaidi. Mwaka ule ule Arnaud akachukua mbegu za mmea mwingine kabisa, wa jamii ya strofanthasi, kutoka Gabon, upande wa pili wa Afrika. Kule pia watu walikuwa wanautumia kwa sumu ya mishale. Akatoa fuwele. Akalinganisha na zile za waabaayo: umbo, zinavyoyeyuka, zinavyogeuza mwanga, hesabu ya kaboni na haidrojeni. Ni kitu kimoja. Watu wa Pembe ya Afrika na watu wa Gabon, ambao hawajawahi kusalimiana, mimea tofauti, misitu tofauti, walikuwa wamefika kwenye molekuli ile ile. Bila namba za maabara usingeweza kujua hilo. Ungeona tope jeusi huku, tope jeusi kule.

Nisiwadanganye kwamba wabaini ni mwanafunzi mtiifu. Fuwele zake hubeba maji ndani, na idadi ya hayo maji hubadilika kulingana na ulivyozikausha. Ukizipasha moto zinaachia maji kwanza, halafu karibu na nyuzi 190 zinayeyuka huku zinaharibika. Ukipima haraka unapata namba moja, ukipima pole pole unapata nyingine. Arnaud aliandika fomula yake kuwa C30H46O12, na leo tunajua ni C29H44O12. Kaboni moja na haidrojeni mbili. Kwa vifaa vya 1888, hiyo mimi naiita kulenga shabaha.

Upande wa pwani kulikuwa na stori ya aina hiyo hiyo kidogo kabla. John Kirk, yule daktari Mskoti aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar na kumbana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa 1873, alipokuwa kijana alikuwa kwenye msafara wa Livingstone huko Zambezi. Alibeba sumu ya mishale inayoitwa kombe, akaiweka mahali pamoja na mswaki wake. Akapiga mswaki. Akahisi uchungu, na akaona mapigo ya moyo wake yanashuka. Mtu mwingine angetupa ule mswaki na kushukuru Mungu. Yeye akaandika. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akafanyia kazi mmea huo na mwaka 1885 akatoa strofanthini. Ni ndugu wa wabaini wa karibu.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Tukisema "sumu ya mishale ya Wasomali", kama Arnaud alivyoandika, ni Wasomali gani? Richard Burton alipita nchi ya Wasomali na kitabu chake kikatoka 1856. Anawataja watu waliokuwa na upinde na mishale ya sumu, na hawakuwa masheikh wala wenye ngamia mia. Walikuwa watu ambao wenye mifugo waliwaita Midgan, jina la dharau, na ambao leo wengi wao wanajiita Gabooye. Wawindaji. Watu ambao hatukuwaozesha mabinti zetu na mpaka leo kuna nyumba bado hawawaozeshi, tusijifanye. Mkuki ulikuwa silaha ya muungwana. Upinde na sumu vilikuwa vya "wale".

Na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Ukitoka Kotile ukaenda mashariki, kuelekea msitu unaoitwa Boni, kuna watu wa asili wa huo msitu. Sisi na wengine tumewaita Waboni. Wenyewe wanajiita Aweer. Kwa vizazi walikuwa wawindaji wa upinde na warina asali. Ng'ambo ya Tana wako Waata, waliokuwa wanaangusha ndovu kwa mshale mmoja wenye sumu ya msunguti, ambao ni mti ule ule wa waabaayo. Wamaasai wanauita olmorijoi, Wakikuyu mũricũ. Kila kabila lina jina, kwa sababu kila kabila lilikuwa na mtu wa kuogopwa aliyejua kuupika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, na watu waliokuwa na ujuzi wa karne wakaamka asubuhi wakiwa majangili. Mimi sitetei kuua ndovu. Hapa Kotile sisi ni sehemu ya hifadhi ya Ishaqbini, ambapo mwaka 2012 hirola 48 waliwekwa ndani ya uzio ili wasiliwe na simba, na nikimwona hirola naona fahari. Lakini nasema tu: neno lililoingia kemia ni la Kisomali, na mikono iliyojua kile kitu ilikuwa ya watu ambao Wasomali walikuwa wanawadharau. Tukijisifu tujisifu na hiyo ndani yake.

Kuna watu watasema huyo mwindaji hakujua kemia, alibahatisha. Nakataa. Mwindaji alijua mti upi na upi siyo. Alijua kuifunga ncha ya mshale kwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke na isimkwaruze mwenyewe. Alijua nyama inalika hata kama mnyama ameuawa na sumu, kwa sababu hiyo sumu ni ya kuingia kwenye damu na mdomoni inapita kwa shida. (Usijaribu. Mti mzima una uchungu wa kifo na kuna watu wamekufa.) Alichokosa ni sababu ya kutafuta fuwele. Ukitaka mnyama aanguke, tope linatosha, na likizidi si neno. Lakini daktari anayemdunga mgonjwa wa moyo hawezi kusema "likizidi si neno". Kati ya kipimo kinachosaidia moyo na kipimo kinachousimamisha kuna nafasi ndogo sana. Hapo ndipo unahitaji kitu kisafi, cha leo kiwe sawa na cha jana, na kiwango cha kuyeyuka kilikuwa mmoja wa mashahidi kwamba ni sawa. Tope halina namba ya kuyeyuka. Fuwele inayo.

Na ilitumika kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20, Albert Fraenkel kule Strasbourg alianza kudunga strofanthini kwenye mishipa ya wagonjwa wa moyo. Ufaransa, Henri Vaquez alitumia wabaini yenyewe. Ujerumani waliitumia kwa miongo. Leo haiandikwi sana, dawa nyingine zimechukua nafasi, lakini kwenye maabara haijastaafu. Mwaka 1957 Mdenmaki Jens Christian Skou aligundua enzaimu inayofanya kazi kama pampu kwenye ukuta wa seli, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Uliyosoma biolojia unaijua. Kuthibitisha kwamba hiyo enzaimu ndiyo pampu yenyewe, kitu kilichosaidia ni wabaini, kwa sababu wabaini huiziba. Skou akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997, pamoja na Boyer na Walker. Waabaayo ikafika Stockholm.

Kabla ya Skou, kuna panya aliyekuwa ameshaelewa. Panya mkubwa mwenye manyoya marefu, anaishi Afrika Mashariki. Anatafuna gome la msunguti kisha anapaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalum ya ubavuni. Mbwa akimuuma, mbwa ndiye anayezikwa. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika, na wenzake waliieleza kisayansi mwaka 2011. Wenyeji walikuwa wanajua zamani kwamba yule panya ana sumu. Ni tabia ya hii stori, wenyeji "walikuwa wanajua" na mwaka unaandikwa wa mtu mwingine.

Nirudi shuleni kidogo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, humu humu Garissa. Tume ya walimu ikaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na waliobaki wakagawana masomo kama posho ya njaa. Siwezi kumlaumu mwalimu aliyekimbia na roho yake. Lakini hesabu matokeo: walimu wa fizikia, kemia na hesabu wengi walikuwa wa kutoka nje. Shule niliyosoma mimi, siitaji, kiwango cha kuyeyuka tulikipima kwa ubao. Mwalimu alichora mstari unapanda, unalala, unapanda tena, akasema ule uliolala ndio kuyeyuka. Tukaandika. Mstari uliolala! Kitu kizuri kabisa kwenye somo zima, kile cha kungoja kwa macho mpaka unga mweupe uache kuwa unga ghafla, sisi tulikipata kama mstari wa chaki. Halafu mtihani wa taifa unakuja na karatasi ya vitendo ile ile kwa mtoto wa Kotile na mtoto wa shule yenye maabara tatu.

Serikali inajua njia ya kununua themometa, hilo siandiki hapa kuwafundisha. Ninachotaka ni kitu kidogo, kwa mwalimu yeyote au mwanafunzi wa Kotile, Masalani, Hulugho, popote. Zile nafthalini za kuweka kwenye sanduku la nguo, zinauzwa dukani. Sasa kuna siri: zile mipira nyeupe siku hizi ziko za aina mbili, na paketi nyingine haisemi. Kuna nafthalini yenyewe, huyeyuka nyuzi 80. Na kuna paradiklorobenzini, huyeyuka 53. Kwa macho ni mapacha, kwa pua karibu mapacha. Saga kidogo sana, weka kwenye kijibomba cha kioo, zamisha kwenye sufuria ya maji na themometa kando, pasha pole pole, nyuzi moja kwa dakika ukikaribia. Fanyia nje, kwenye upepo, mwalimu akiwepo, na usivute ile harufu, si nzuri kwa mapafu. Mafuta hayahitajiki kwa sababu zote mbili zinayeyuka kabla maji hayajachemka.

Mtu akiifanya, aniandikie alipata 53 au 80, na ni duka gani. Nina mpira mmoja hapa wa duka la Masalani na themometa nimeazima.